Setilaiti Inayochagua: Uchakataji wa Picha Angani, Nishati na Majina ya Ardhi ya Nyansurura



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmejiuliza ni kwa sababu gani mhadhara wa masomo ya Kiswahili uzungumzie setilaiti. Jibu langu ni fupi: setilaiti zimeanza kusema. Kwa miongo mingi zilituletea picha, nasi huku chini tukazisoma picha hizo na kuvipa majina vitu tulivyoviona. Siku hizi zinaundwa setilaiti zenye uwezo wa kuzisoma picha zenyewe zikiwa bado angani, na kutuletea majina badala ya picha: hapa pana wingu, hapa pana moto, hapa pana shamba, hapa ni patupu. Chombo kinapotuma neno badala ya picha, kimekwisha kuingia katika uwanja wa isimu na leksikografia, kipende kisipende.

Katika mhadhara huu nitaeleza kwanza kwa nini mabadiliko haya yametokea. Tutaona kwamba kiini chake ni nishati. Pili, nitachambua neno ambalo Kiswahili kimelitumia kuielezea kazi hiyo, yaani kuchakata, na kuonyesha kuwa neno hilo limebeba maarifa ambayo wahandisi wangefaidika nayo. Mwisho nitajadili jambo ambalo ndilo hasa lililonileta mbele yenu: nani anayatunga majina yatakayotoka angani, na majina hayo yatawafanyia nini watu wanaoishi katika ardhi inayopewa majina.

Ili mjadala usielee hewani, nitauweka mahali pamoja. Mahali hapo ni Nyansurura, mkoani Mara, katika ukanda wa wilaya za Tarime na Serengeti. Wilaya hizo mbili zimetenganishwa na Mto Mara unaotiririka kutoka Kenya hadi Ziwa Viktoria. Huko hulimwa mahindi, mihogo, mtama na ulezi, na ng'ombe ndio akiba ya nyumba. Upande mmoja wa ukanda huo iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na upande wa Tarime uko mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kikuria na Kingoreme husikika pamoja na Kiswahili. Ni ardhi inayotazamwa sana kutoka juu, kwa sababu watu wengi wana haja nayo: mkulima, mfugaji, mhifadhi, mchimbaji na serikali.

2.0 Kutoka Uhuru hadi Taifa

Uhusiano wa Kiswahili na vyombo vya angani si wa jana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Setilaiti hiyo ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Hivyo neno la Kiswahili limo katika historia ya astronomia ya dunia nzima. Hata hivyo, neno hilo lilikuwa jina la chombo tu. Lugha ya kazi yake ilikuwa nyingine.

Baada ya nusu karne mambo yamesogea. Uganda ilipata setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa tarehe 7 Novemba 2022 baada ya wahandisi wake kufunzwa Japani. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kutazama Dunia, yenye ukubwa wa sentimita 10 kwa 10 kwa 30 hivi, kiasi cha kubebwa kwapani. Jina lake nalo ni la Kiswahili. Swali lililobaki ni kama Kiswahili kitaishia kwenye majina yanayoandikwa ubavuni mwa chombo, au kitaingia mpaka ndani, mahali ambapo uamuzi hufanyika.

3.0 Wingi wa picha na uchache wa nishati

Tuchukue eneo la mraba lenye kilomita 100 kila upande, ambalo litaimeza Nyansurura pamoja na sehemu kubwa ya wilaya zake zote mbili. Kamera ikilipiga eneo hilo picha ambayo kila pikseli yake inawakilisha mita 10 za ardhi, kama zifanyavyo setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya katika rangi zake nne, basi picha ya rangi moja ina pikseli 10,000 kwa 10,000, yaani milioni 100. Kila pikseli ikiandikwa kwa biti 12, tunapata biti bilioni 1.2. Hiyo ni rangi moja, ya picha moja, ya eneo moja.

Sasa tuitazame nishati. Nje ya angahewa, jua hutoa takriban wati 1,361 katika kila mita ya mraba. Paneli yenye sentimita 10 kwa 10 hupokea basi wati zipatazo 13.6, na ikiwa seli zake zinageuza asilimia 30 ya mwanga kuwa umeme, tunabaki na wati 4. Setilaiti iliyo katika obiti ya chini huizunguka Dunia kwa muda wa dakika kama 95, na katika hizo inaweza kukaa gizani, nyuma ya Dunia, dakika zinazokaribia 35. Wastani wa paneli ile unashuka hadi wati 2.5, tena kama inalielekea jua sawasawa wakati wote wa mchana wake. Kwa umeme huo setilaiti inapaswa kujielekeza, kujipasha joto, kupiga picha, kuwasiliana na kujaza betri itakayoivusha gizani.

Kutuma picha ndiyo kazi inayoila akiba. Tufanye hesabu ya mfano. Redio inatuma biti milioni moja kwa sekunde na kula wati 5. Picha yetu ya biti bilioni 1.2 itahitaji sekunde 1,200, yaani dakika 20, na jouli 6,000. Lakini setilaiti ya obiti ya chini ikipita juu ya antena moja ya ardhini huonekana kwa dakika zisizozidi kumi hivi. Picha moja, ya rangi moja, imekula mapito mawili.

Kibaya zaidi, sehemu kubwa ya mzigo huo mara nyingi ni mawingu. Kwa wastani, mawingu hufunika takriban theluthi mbili za uso wa Dunia. Katika mkoa wa Mara, ambao Ziwa Viktoria huujazia anga mvuke, masika na vuli ni majira ambayo kamera ya kawaida hutazama paa jeupe badala ya mashamba. Tuseme basi setilaiti imepewa kichakataji kidogo kinacholitambua wingu na kulitupa kabla ya kutuma. Kichakataji hicho kinakula wati 2 kwa dakika moja, yaani jouli 120. Kikitupa theluthi mbili za picha, redio itatumia jouli 2,000 badala ya 6,000. Jumla ni jouli 2,120. Tumetumia 120 tukaokoa 4,000.

Faida hiyo ina masharti. Kama kichakataji kingekula wati 20 kwa dakika kumi, kingetumia jouli 12,000 ili kuokoa 4,000, na hasara ingekuwa dhahiri. Aidha, angani hakuna upepo wa kupoza mitambo. Joto huondoka kwa kumeremeta peke yake, kwa hiyo kila wati inayoliwa ni joto linalotafuta njia ya kutokea. Ndiyo maana ufundi wa fani hii ni kupata hesabu nyepesi: mtandao-neva mdogo, wenye namba fupi, unaofanya kazi moja na kuifanya vizuri. Shirika la Anga la Ulaya lililijaribu jambo hilo kwa PhiSat-1, iliyorushwa Septemba 2020 ikiwa na kichakataji kidogo cha akili mnemba kwa ajili ya kuzichuja picha zenye mawingu. PhiSat-2, iliyofuata Agosti 2024, ilibebeshwa kazi zaidi, zikiwamo kutambua moto wa nyika na vyombo vya baharini.

4.0 Mkonge, korona na kitenzi kuchakata

Wanaisimu wenzangu wataniwia radhi kwa hesabu hizo. Sasa turudi nyumbani.

Kiswahili kimeipokea kazi hii kwa kitenzi kuchakata: kuchakata data, uchakataji, kichakataji. Neno hili halikubuniwa na kamati kutoka hewani. Lilikuwapo, na maana yake ya msingi ni kuponda au kukatakata kitu mpaka kipoteze umbo lake. Katika uchumi wa Tanzania lilipata makao makubwa kwenye mkonge, zao lililoletwa na Wajerumani mwaka 1893. Jani la mkonge huchakatwa kwa mashine ya korona ili nyuzi zitenganishwe na nyama ya jani.

Angalieni mantiki ya shamba la mkonge. Katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Yaliyobaki ni maji na makapi. Ndiyo maana korona hujengwa shambani, karibu na majani yanapokatwa, wala si bandarini Tanga. Hakuna tajiri aliye tayari kulipa nauli ya kilo 96 za makapi. Hoja ya mhandisi wa setilaiti ni hiyo hiyo: peleka korona angani, picha inakokatwa, usafirishe nyuzi tu.

Mkulima wa Nyansurura hana mkonge, lakini mantiki hiyo anayo. Ulezi hupurwa na kupepetwa kwanza, ndipo zichukuliwe punje. Tungeweza kusema, na sidhani kama tutakosea, kwamba uchakataji wa angani ni kupepeta kabla ya kubeba.

Lakini neno zuri hufundisha pande zote mbili. Jani likishapita katika korona halirudi kuwa jani. Mkonge hauna hasara kwa hilo, kwa sababu kila mtu anajua anachokitaka kutoka katika jani: nyuzi. Je, tunajua sote tunachokitaka kutoka katika picha? Hapa ndipo wanaotafsiri kitenzi cha Kiingereza kwa haraka wanapopoteza jambo. Kiswahili kinatuwezesha kutofautisha vitendo vinne ambavyo mara nyingi huchanganywa: kubana, ambako picha yote hubaki ila inachukua nafasi ndogo, kuchuja, ambako sehemu huachwa na sehemu hupita, kuchakata, ambako umbo la awali hupotea, na kuamua, ambako hakuna picha inayofika ila hukumu tu. Vinaokoa nishati kwa viwango tofauti, na kwa jumla kadiri kitendo kinavyookoa zaidi ndivyo kinavyotunyima zaidi nafasi ya kuuliza upya. Napendekeza istilahi zetu zishike tofauti hiyo.

5.0 Setilaiti katika mtandao

Hali inakuwa pana zaidi setilaiti zinapofanya kazi kwa pamoja. Katika kundi la setilaiti kadhaa, wakati wowote moja iko juani na betri yake imejaa, nyingine iko gizani inajikongoja. Iliyo juani inaweza kuipokea kazi ya mwenzake. Moja yenye jicho pana inaweza kuona moshi na kuiarifu nyingine yenye jicho kali ije itazame. Viungo vya leza kati ya vyombo vya angani tayari vinatumika. Mfumo wa Ulaya wa kupokezana data kwa leza ulianza na chombo kilichorushwa Januari 2016.

Hata hivyo ushirika nao una gharama. Kumpa mwenzako picha nzima ili akusaidie kunaweza kula nishati kuliko kuichakata mwenyewe. Kanuni inayofaa ni kuanza na muhtasari: setilaiti hupashana habari fupi za kilichoonekana, na picha yenyewe husafiri pale tu inapohitajika. Kwa maneno mengine, mtandao unaishi kwa lebo. Lebo ndizo huamua nini kitazamwe tena, nini kitumwe na nini kifutwe. Hapo neno moja lililokosewa linakuwa amri, nayo hutekelezwa kabla binadamu yeyote hajalisikia.

6.0 Nani anaamua kuwa hili ni wingu?

Wingu linaonekana kuwa jambo jepesi. Sivyo. Vitu vyeupe na ving'aavyo, kama mchanga na mapaa ya mabati, vinajulikana kwa kuzidanganya programu za kutambua mawingu. Moshi nao hufanana na wingu jembamba. Programu iliyofunzwa kwa picha za nchi nyingine inaweza basi kuufuta mtaa wa mabati mapya, au kuutupa moshi wa nyasi zinazoungua mpakani mwa hifadhi, yaani habari ile ile ambayo mwanakijiji na askari wa hifadhi walikuwa wanaihitaji. Tena kwa mtabiri wa hali ya hewa, wingu si makapi hata kidogo. Makapi ya mmoja ni nyuzi za mwingine.

Mfano bora tunao jirani kabisa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha kazi iliyotumia picha za setilaiti na akili mnemba kuwatambua nyumbu na pundamilia karibu 500,000 katika mfumo wa Serengeti na Mara. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti mwingine, wa picha za miaka ya 2022 na 2023, uliokadiria nyumbu kuwa chini ya 600,000, wakati idadi iliyonukuliwa kwa muda mrefu kutokana na hesabu za ndege ni kama milioni 1.3. Tofauti ya mbinu peke yake si ushahidi kwamba wanyama wamekufa. Ni ugomvi halali wa kisayansi, na hatima yake inaugusa utalii, uhifadhi na malisho ya watu.

Nataka mlione jambo moja katika ugomvi huo. Hesabu hizo zilifanyika ardhini, juu ya picha zilizohifadhiwa. Asiyekubaliana na jibu anaweza kwenda kwenye picha zile zile akahesabu tena: huyu ni nyumbu, huyu ni ng'ombe, hiki ni kichaka. Kama picha zingehesabiwa angani na kufutwa, tungebaki na tarakimu bila ushahidi. Hali kadhalika, picha za Landsat zilizoanza kupigwa mwaka 1972 zinatumika leo kujibu maswali ambayo hayakuwa yameulizwa wakati huo. Zimeweza kufanya hivyo kwa kuwa zilitunzwa.

7.0 Majina ya ardhi

Nafika kwenye kiini cha hoja yangu. Wingu halimiliki mtu. Ardhi humilikiwa, na jina linalopewa ardhi huweza kumpa mtu haki au kumnyang'anya.

Msamiati wetu wa ardhi ni mpana. Tuna shamba, konde, pori, nyika, mbuga, uwanda, kichaka, msitu, malisho, mahame. Mbuga ilikuwa ardhi ya uwanda wazi kabla matumizi mengi hayajaiegemeza kwenye wanyama na watalii. Mtu akisema leo kwamba anaishi mbugani, msikilizaji anaweza kudhani kavamia hifadhi. Mahame ni mahali palipohamwa, penye kumbukumbu ya waliokuwapo. Shamba lililopumzishwa bado ni shamba kwa mwenye nalo, ingawa juu yake pameota majani. Malisho ya kiangazi bado ni malisho wakati wa masika ng'ombe wanapokuwa kwingine.

Linganisheni utajiri huo na orodha fupi zinazopendwa na mashine: mazao, nyasi, msitu, maji, majengo, ardhi tupu. Orodha fupi ni nyepesi, na wepesi ni nishati. Lakini kutokana na wepesi huo, malisho yaliyoliwa na ng'ombe mwezi Septemba yataitwa tupu. Hilo si suala la msamiati tu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 imeifasili ardhi ya jumla kwa namna inayoingiza humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo haina maneno hayo katika fasili yake. Wanasheria wamelijadili pengo hilo kwa miaka mingi. Ikiwa lebo ya "tupu" itashuka kutoka angani kila wiki, ikiwa na sura ya ukweli usio na mwenyewe, yule anayetaka kuonyesha kwamba ardhi ya kijiji haitumiki atakuwa amepata shahidi asiyeweza kuhojiwa. Mzee wa Nyansurura anayejua jina la kila bonde na sababu ya jina hilo hataitwa kutoa ushahidi, kwa kuwa kesi itakuwa imekwisha kilomita mia kadhaa juu ya kichwa chake.

8.0 Mapendekezo na hitimisho

Sisemi kwamba uchakataji wa angani uachwe. Hesabu tuliyoifanya inaonyesha kuwa nchi zenye setilaiti ndogo, kama zetu za Afrika Mashariki, ndizo zenye haja nao zaidi, maana hazina nishati ya kufuja wala antena za kutosha. Ninachosema ni kwamba kinachookolewa kisilipwe na asiyekuwapo. Nina mapendekezo manne.

Kwanza, sehemu ndogo ya picha zinazotupwa iteuliwe kwa kubahatisha na kuletwa ardhini zikiwa kamili, ili tuweze kuikagua mashine. Katika mfano wetu, picha nzima moja katika kila hamsini ingetugharimu nyongeza ya wastani wa jouli kama 80 kwa kila picha, nasi tumeokoa karibu 3,900.

Pili, kila lebo ije na kiwango cha uhakika wake, pamoja na tarehe na majira. "Ardhi isiyo na majani mwezi Septemba" ni taarifa. "Ardhi tupu" ni hukumu.

Tatu, mambo yasiyogusa haki ya mtu, kama mawingu, yaamuliwe angani. Na mambo yanayogusa haki, kama matumizi ya ardhi, yaamuliwe chini, picha zikiwapo.

Nne, na hili ni letu, orodha za lebo zitungwe kwa ushirikiano wa wahandisi, BAKITA, BAKIZA, vyuo vikuu na wenyeji wa mahali husika. Mapokeo ya kuunda istilahi tunayo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilithibitisha kuwa Kiswahili kinaimudu sayansi. Mjadala wa kompyuta na tarakilishi, au wa akili mnemba na akili unde, una nafasi yake. Hata hivyo tumezoea kubishana juu ya jina la mashine. Umefika wakati wa kubishana juu ya majina ambayo mashine itatuita sisi.

Lugha inayosubiri mashine ikamilike ndipo itafsiri vibandiko vyake itabaki kuwa lugha ya vibandiko. Lugha inayoingia mezani wakati orodha ya lebo inaandikwa huwa mshiriki katika uamuzi. Kazi hiyo haihitaji roketi. Inahitaji daftari, masikio na nauli ya kufika Mugumu na Tarime, kuwauliza watu: ninyi mnapaitaje hapa, na kwa nini? Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wasiende mbali. Mada ndiyo hiyo.